Marehemu wa Kujaribia

Ni mimi tena, Naila. Wiki iliyopita nilisema naona mwanga. Naomba mlisahau neno hilo.

Kwa wewe ambaye ndiyo kwanza unakutana na mimi, usihangaike kutafuta magazeti ya nyuma. Huko nyuma ni balaa tupu. Natengeneza tovuti hapa Kibaha, katika ofisi ndogo ya Maili Moja, juu ya duka la mabati. Mabati yakishushwa, sisi huku juu tunazungumza kwa ishara.

Bosi wangu ni Evodius, mtu mwenye moyo mzuri na kumbukumbu mbovu. Tuliwatengenezea tovuti wafuga kuku wa Mbwawa, tukaweka jogoo wa mtu kwenye jina la jirani yake, wamenuniana mpaka leo. Tukamtengenezea fundi wa magauni ya harusi, tukapanga picha za maharusi wake wote ukurasa wa mbele. Nusu yao walikuwa wameshaachana. Walipanda ngazi zetu mmoja mmoja kuja kututukana.

Halafu simu yangu ikatumbukia kwenye ndoo ya kufulia. Ilipona, ila nikiiweka sikioni sisikii kitu. Anayenipigia lazima nimweke kwenye spika, na mtaa mzima unajua mambo yangu.

Nimechoka jamani. Jema lililobaki lilikuwa moja tu: Ijumaa hii naolewa na Badru.

Hapo kwenye ndoa ndipo nataka mnisikilize vizuri. Sisi Waislamu binti anaozeshwa na walii wake, na walii wa kwanza ni baba. Baba yangu ni marehemu. Hivyo ndivyo nilivyoambiwa tangu nipate akili. Abdala Seif Mwinshehe, mtu wa Kurui, kule Kisarawe ndani, alifariki nikiwa nanyonya, na ndugu zake wachache nao wakaisha. Mama akanibeba mpaka Kibaha, na huku akaolewa akiwa mjane.

Aliyemuoa ni Mzee Hashiru, mtu wa Bukoba, dereva mstaafu, asiyejua kupandisha sauti. Ndiye aliyenilea na kunisomesha. Lakini baba wa kambo hawezi kuwa walii. Kwa kuwa upande wa baba hakuna mwanamume, sheikh wa msikiti wetu alikubali kusimama yeye. Nilimshukuru mpaka akaniambia basi, inatosha.

Sasa tuje kwenye kazi, maana balaa la safari hii limepitia huko.

Watu wa Kurui wanaoishi Kibaha na Dar wana umoja wao wa kuzikana. Mwenyekiti ni Mzee Adamu. Shida yao ilikuwa moja: mtu akifa kule kijijini, habari zinafika huku ameshazikwa. Wakataka tovuti. Mtu anaandika jina la marehemu, kijiji na saa ya maziko, anabonyeza, na wanachama wote wanapata meseji papo hapo.

Niliposikia Kurui moyo ulinipiga. Nikamweleza mama.

"Kazi fanya," akasema. "Ila usiende kuwauliza habari za baba yako. Hakuna wako kule."

Nikatii. Kwa Mzee Adamu nikawa Naila wa tovuti, basi. Hakuniuliza mimi ni binti wa nani, na mimi sikusema.

Siku ya kwanza kabisa alituonya. "Wanangu, najua mtaijaribu-jaribu hiyo mashine yenu. Lakini jina la mtu aliye hai msiliandike kwenye tanzia. Ni uchuro."

Evodius akacheka. Mzee hakucheka.

"Basi tutaandika Fulani bin Fulani," nikamwambia.

"Majina mawili hayatoshi. Wekeni matatu, na kijiji. Kwetu Abdala ni wengi, Seif ni wengi. Msije mkatuliza watu wasiohusika."

Nikaweka matatu. Ukiandika mawili, tovuti inakataa. Nilijisifu sana kwa hilo.

Jumamosi ikafika.

Sisi watengeneza tovuti wa mkoa huu tuna jumuiya yetu. Tunakutana kwenye ukumbi wa kukodi huko Tumbi, tunakula sambusa, tunaulaumu mtandao, halafu kila ofisi inaonyesha kazi yake mpya. Sheria ni moja: kazi ionekane ikifanya kazi mbele ya macho ya watu. Picha za kupigwa nyumbani hazitakiwi. Mwaka jana jamaa mmoja alikuja na picha, alizomewa mpaka akarudi kukaa.

Zamu ilikuwa yetu. Mzee Adamu alialikwa kama mteja, akakaa mstari wa mbele na kanzu yake iliyopigwa pasi.

"Panda wewe, Naila," Evodius akaniambia. "Hii kazi yako."

Nikapanda. Nilikuwa na furaha, sitawaficha. Baada ya kuku na magauni, nilitaka watu waone kwamba na mimi najua kitu.

Tovuti ile tulikuwa nayo mara mbili. Kuna ya majaribio, ambayo meseji zake zinakuja kwangu na kwa Evodius peke yetu. Na kuna ya kweli, yenye namba za wanachama. Nikafungua ya majaribio. Ndivyo nilivyojua mimi.

Nikaeleza, nikaonyesha, watu wakatikisa vichwa. Dada mmoja wa nyuma akapaza sauti: "Tuma basi tuone!"

Ukumbi mzima ukadakia. "Tuma! Tuma!"

Sasa niandike nani? Fulani bin Fulani tovuti inamkataa. Mtu aliye hai ni uchuro, na Mzee Adamu ananitazama. Nikasema moyoni, andika marehemu, marehemu hadhuriki. Na marehemu ninayemjua majina matatu na kijiji alikuwa mmoja tu. Yumo kwenye cheti changu cha kuzaliwa.

Nikaandika Abdala Seif Mwinshehe. Kurui. Maziko leo alasiri.

Niliona kama namkumbuka kwa namna yangu. Nikabonyeza.

Nikaisubiri simu yangu ilie. Haikulia.

Ikalia ya Mzee Adamu.

Akavaa miwani, akasoma, akasimama wima. "Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun! Abdala? Jamani, si juzi tu nimetoka kwake, kanipa mihogo!"

Watu wakapiga makofi. Walidhani ni sehemu ya onyesho.

Mimi nilikuwa nimeshika maiki. "Mzee," nikasema, na spika za ukumbi zikalitoa kila neno, "Abdala yupi huyo?"

"Si huyu uliyemwandika! Kurui tunaye Abdala Seif Mwinshehe mmoja. Kafa saa ngapi?"

Evodius alikuwa ameshapanda jukwaani, jasho linamtoka. "Naila, umefungua ipi?"

"Ya majaribio."

"Ile ndiyo nimeifanya ya kweli, nimeihamishia namba za wanachama asubuhi. Mzee aliomba waanze kuitumia. Nilitaka kukwambia."

"Ulitaka?"

"Ikanitoka."

Mtu unafika mahali hata hasira zinakuishia.

Pale chini Mzee Adamu alikuwa ameshapiga simu Kurui. Wanachama nao walikuwa wameshawapigia ndugu zao wa kijijini.

"Wameshafika?" akawa anauliza. "Masufuria ya nini sasa? ... Nani kawaambia wapike? ... Mwenyewe yuko wapi?" Akaifunika simu kwa kiganja. "Wanawake wamejaa uani wanalia. Vijana wamefuata majembe wakachimbe. Na Abdala hayupo, yuko shamba, ndiyo maana wamesadiki."

"Natuma ya kusahihisha!" Evodius akasema, akainamia kompyuta. Nilichelewa kumzuia.

Simu ya mzee ikalia tena. Akasoma kwa sauti. "TANZIA. Marehemu Abdala Seif Mwinshehe yuko hai."

Neno tanzia linajiweka lenyewe juu ya kila meseji. Mimi ndiye niliyelipanga hivyo.

"Mnazidi kuwatisha watu!" mzee akafoka. "Tulieni kwanza!"

Alirudi kwenye simu, akasikiliza sana, akacheka kidogo, akaacha kucheka. Akatugeukia. "Karudi. Kaingia uani na jembe lake, kauliza nani amefariki. Wengine wamekimbia wameacha viatu." Akashusha pumzi. "Yuko hai, salama. Ila ana hasira. Anamtaka aliyemuua."

Watu wakaangua kicheko. Kicheko kile, wapendwa, mimi sikukisikia vizuri. Nilikuwa nimebaki na maneno mawili kichwani. Yuko hai. Baba yangu, niliyemsomea Fatiha kila Ijumaa tangu nijue kuisoma, alikuwa shamba analima.

Nikashuka jukwaani.

"Mzee," nikamwambia Mzee Adamu, "mimi jina langu kamili ni Naila Abdala."

"Abdala gani?"

Nikamwonyesha ukutani kwa kidole, ambako projekta ilikuwa bado inalimulika lile jina, kubwa, la kusomeka kutoka mlangoni.

Mzee akalitazama. Akanitazama mimi, paji la uso, pua, mdomo. Akakaa.

"Mtoto wa Abdala alikufa," akasema polepole. "Mama yake alikwenda naye kumsalimia shangazi yake, mtoto akashikwa na surua, akafa huko huko. Tulimsomea hitima. Mimi mwenyewe nilikuwepo."

Kwa hiyo kule mimi ndiye niliyekufa, na huku amekufa yeye. Nilicheka, halafu nikalia, na mbele ya jumuiya nzima ya watengeneza tovuti wa Pwani nikajifuta kamasi kwa utepe wa kitambulisho nilichovaa shingoni.

Nilifika nyumbani Mbwawa alasiri. Mama alikuwa ukumbini na ungo mapajani, anachambua mchele wa Ijumaa. Mzee Hashiru alikuwa barazani, ametoka msikitini, anakunywa chai yake.

"Shikamoo baba," nikampita.

"Marahaba mwanangu. Mambo yalikwenda vizuri?"

"Nitakuhadithia, baba."

Nikakaa mkekani karibu na mama. Nikapunguza sauti. "Mama, baba alikufa kwa ugonjwa gani?"

Mkono wake ukasimama. "Ndiyo maswali gani hayo ya wiki ya harusi?"

"Ugonjwa gani?"

"Homa."

"Leo kaonekana Kurui. Ana jembe."

Mama akaendelea kuchambua. Alikuwa anatupa mchele na kuacha mawe, nikamwona.

"Majina yanafanana," akasema.

"Matatu, mama? Na kijiji?"

"Naila!"

"Na mtoto wake aliyekufa kwa surua, naye tumefanana?"

Hapo akanitazama. Sijawahi kumwona mama yangu anaogopa. Kwenye njaa sikumwona akiogopa, wala nilipolazwa. Leo aliniogopa mimi.

"Kwangu mimi alikufa," akasema kwa kunong'ona. "Elewa hivyo. Kuna mambo ya Kurui huyajui, na mshukuru Mungu huyajui. Niachie heshima yangu mpaka Ijumaa ipite. Baada ya hapo nitakwambia yote, nakuapia. Ijumaa tu ipite."

Nilimuonea huruma na nilikuwa na hasira naye, vyote kwa pamoja. Na nilikuwa nimechoka. Nikafikiri, sawa. Ipite. Nani atamfikishia sheikh habari?

Badru akabisha hodi.

Alimwamkia Mzee Hashiru barazani, akaingia, akamwamkia mama, na uso wake haukuwa wa bwana harusi.

"Naila, meseji yako imefika mpaka kwa sheikh," akasema. "Mkewe ni mtu wa Kurui, ni mwanachama. Wamepigiana simu huko na huko, wamejua kila kitu. Sheikh kasema baba akiwa hai na akili zake timamu, walii ni yeye. Aje mwenyewe, au amwakilishe mtu kwa kauli yake. La sivyo yeye hafungishi."

"Atafungisha mwingine," mama akadakia.

"Mama, nisamehe, lakini sheikh gani atathubutu sasa? Habari imeenea." Akanigeukia mimi. "Mimi nakutaka wewe, wala sijabadilika. Ila wazee wa nyumbani wameshaanza kuuliza huyu binti ni wa nani hasa. Tukivunja Ijumaa, sijui kama watanipa Ijumaa nyingine. Huo ndiyo ukweli."

Nikauelewa ukweli huo. Ndoa yangu ilikuwa mkononi mwa mtu niliyemtangazia maziko asubuhi ile ile.

Na ndipo simu yangu ikalia. Namba nisiyoijua.

"Usipokee," mama akasema.

Nikapokea. Na mnajua simu yangu.

"Haloo?" Sauti ya mwanamume mtu mzima ikajaa ukumbini, ikatoka na mlangoni.

"Shikamoo," nikasema. Sikujua niongeze baba au mzee.

"Marahaba. Wewe ndiye uliyeniua?"

"Ndiyo. Naomba unisamehe."

Nikasikia watu wengi nyuma yake, na sufuria zinagongana.

"Adamu ananiambia wewe ni Naila," akasema. Sauti ilikuwa imebadilika. "Jina hilo nilikupa mimi. La bibi yangu."

Nikaanza kulia.

"Usilie. Huku watu wanakula wali wa matanga yangu, na mimi nimeketi nao nakula. Kitu gani tena kitanishangaza leo? Nilikusomea hitima, mwanangu. Kumbe unatembea."

Badru alikuwa ananivuta mkono. "Muulize ya walii," akanong'ona. "Muulize."

"Baba," nikasema. Neno hilo lilitoka lenyewe. "Ijumaa naolewa. Sheikh anasema wewe ndiye walii wangu."

"Ijumaa hii?"

"Hii."

"Nakuja," akasema, bila hata kuvuta pumzi. "Wallahi nakuja. Mwambie huyo sheikh asimruhusu mtu mwingine agombanie nafasi yangu. Nakuozesha mimi mwenyewe."

Badru akafumba macho, akasema alhamdulillahi. Na mimi nikaisema. Ndugu zangu, kwa muda ule mfupi sikuwa na uchovu wowote mwilini. Nilikuwa na baba, na nilikuwa naolewa.

"Ahsante baba. Ahsante sana."

"Hakuna ahsante. Nitatoka huku kesho, nifikie hapo hapo nyumbani. Mwambie mke wangu anitandikie."

"Mke wako yupi, baba?"

"Mama yako! Nina mwingine? Aliniaga anakwenda kumsalimia shangazi yake. Akaleta salamu kwamba mtoto amefariki, na yeye hana nguvu za kurudi. Nikamngoja. Nikamfuata kwa shangazi, nikaambiwa kahama. Nikangoja tena. Watu wakaniambia mwache, nikakataa. Talaka sijampa, si ya mdomo wala ya maandishi. Mwanaamina ni mke wangu mpaka leo hii, na mwambie sina ugomvi naye, mradi wewe uko hai."

Nilibonyeza-bonyeza simu nizime spika. Simu yenyewe ile, haizimi.

Mama aliachia ungo, mchele ukamwagika mkekani. Badru akaangalia ukuta.

Huko barazani nilisikia kikombe kikiwekwa kwenye kisahani, taratibu. Kiti kikasogea. Mzee Hashiru akasimama mlangoni, ameshika kofia yake mkononi, akamtazama mama, wala hakunitazama mimi.

"Mwanaamina," akasema kwa sauti yake ile ile ya siku zote, "huyu marehemu anasemaje?"